Masale Kumi na Tisa

Mwezi uliopita nilinunua kamba ya katani kwa mchuuzi mmoja karibu na stendi ya Korogwe, ya kuanikia nguo, nikapanda bodaboda kurudi Makuyuni. Hatukufika mbali mvua ikatukuta. Ilikuwa mvua ya kwanza ya vuli, ile inayoanza kwa matone makubwa machache, moja hapa moja pale, na vumbi likaruka kila yanapodondoka. Kamba ikalowa mapajani mwangu na harufu yake ikapanda, harufu ya katani iliyolowa, yenye uchachu kidogo, kama maji ya kunde yaliyolala. Nikamwambia kijana asimamishe pikipiki. Akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamjibu siumwi, nina hasira tu, asubiri kidogo zipite. Akatazama mbele kwa adabu. Mvua ilipita. Hasira hazikupita, na ndiyo maana naandika.

Wa rika langu mtanielewa. Tumefika umri wa kuamkiwa barabarani na watu wenye ndevu, na bado kuna jambo moja la utotoni ambalo ndugu zangu hulisimulia kwenye arusi kama kichekesho: eti kulikuwa na mtoto mchapakazi mno, akahamisha mpaka wa bibi yake kwa mikono yake mwenyewe, na bibi akapoteza ardhi. Watu hushika mbavu. Mtoto yule ni mimi. Leo nataka nilisimulie mwenyewe, kwa mpangilio, tangu mwanzo, halafu acheke anayetaka kucheka.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na bibi mzaa baba. Mama yangu alifariki sijaanza kutembea, na baba alikuwa dereva wa malori, nyumbani tukimwona mara mbili au tatu kwa mwaka. Bibi alikuwa Mzigua wa Mazingara, upande wa Handeni, ambako maji ni ya kutafuta. Aliolewa Makuyuni na babu, Mshambaa ambaye wazazi wake walishuka kutoka milimani, na alichokipenda zaidi katika ndoa ile, alisema mwenyewe bila haya, kilikuwa kijito. Ardhi ya babu ilianzia njiani, ilipo nyumba, ikateremka hadi majini. Babu alipofariki, ukoo ulimwachia bibi aendelee kulima. Watu walisema "shamba la mjane". Yeye alisema "bustani yangu", na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu shamba hulimwa kisha likaachwa mpaka msimu mwingine, na pale pake hapakuachwa hata wiki moja.

Juu, karibu na nyumba, palikuwa na michungwa, mstafeli mmoja mchoyo na mfenesi uliozaa kwenye shina mpaka karibu na ardhi. Katikati tulipanda mahindi na kunde. Lakini bustani hasa ilikuwa kule chini, kwenye unyevu. Huko magimbi yalikuwa na majani ambayo mvua ikinikuta nilijifunika moja nikabaki mkavu. Kulikuwa na miwa, matembele, mnavu, na migomba iliyosimama miguu ndani ya maji. Kiangazi, majirani walipokwenda kununua mboga, sisi tulishuka na kikapu. Ukiondoa kile kipande cha chini, kilichobaki juu kilikuwa shamba kama mashamba mengine yote, la kutazama mawingu.

Mkono wa kushoto ukiteremka tulipakana na Babu Salehe, mdogo wake marehemu babu. Katikati yetu ilisimama safu ya masale kumi na tisa, yenye mashina membamba kama fimbo na vichwa vya majani marefu. Safu ilianzia kwenye jiwe kubwa njiani, ikateremka ikipinda kama mtu anayekwepa dimbwi, ikaishia kwenye kijito. Niliwahi kumuuliza bibi masale yale ni ya nini. Akanijibu, "Ya amani." Nyumbani kwa mwalimu wetu palipandwa maua mbele ya mlango, na mbele ya kanisa palikuwa na maua pia, nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba amani ni aina fulani ya pambo. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa sikumwambia mtu.

Mwanzo wa vuli bustani ile ilikuwa na kelele. Wa kwanza alikuwa ndege dudumizi, akilia kichakani kando ya kijito kama maji yanayomiminwa kutoka chupa ya shingo nyembamba, siku kadhaa kabla ya tone lolote. Bibi akimsikia alianza kutafuta jembe. Kisha, kwenye udongo mkavu kabisa, lilichomoza ua jekundu la mviringo, kubwa kama chungwa, bila jani hata moja, kama kitu kilichodondoshwa na mpita njia. Sikujua jina lake, na mpaka leo sijampata mtu wa kunipa jina ambalo mwingine hakulibishia. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi walifumuka kutoka kwenye kichuguu nyuma ya choo, tukawafukuzia na beseni la maji. Jongoo walitoka kwa mamia na kutembea kana kwamba wameitwa mkutanoni. Mnana walichana majani ya migomba kuwa nyuzi na kusuka viota juu ya kijito, huku wakigombana mchana kutwa. Na kulikuwa na kenge wetu, mnyama mrefu kuliko mimi nikilala, aliyeishi kati ya magimbi na kuiba mayai. Bibi alimtukana kila siku kwa Kizigua na hakuwahi kumrushia hata jiwe.

Kazi za wakati huo nilizijua kwa mfuatano wake: kufyeka kabla ya mvua, kukata majani makavu ya migomba, kumwaga majivu kwenye mashimo ya maboga, kulima, kusubiri ardhi inywe mara mbili, kisha ndipo kupanda kunde na maharage. Baada ya hapo ni kupandishia udongo magimbi na kufukuza tumbili. Nilikuwa mtoto wa kupenda mambo yakae sawasawa. Nyuma ya daftari langu la hesabu niliandika kila siku kazi niliyoifanya na mnyama niliyemwona. Hakuna aliyeniagiza. Nilipenda tu kujua kwamba jana ilikuwepo.

Mwaka ninaousema, dudumizi alipokwisha kulia, ilikuja habari kutoka Mazingara kwamba dada yake bibi yu mahututi. Bibi alifunga khanga mbili kwenye mfuko, akaniorodheshea kazi kwa vidole vyake, akanikabidhi kwa Babu Salehe, nilale kwake na baada ya shule niendelee na bustani. Alikuwa amepanga kukaa siku nne. Dada yake alichukua wiki mbili kufa, na ikabidi akae mpaka mambo ya msiba yaishe.

Sasa nimweleze Babu Salehe, na nimtendee haki. Alikuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa nyapara kwenye shamba la katani kwa miaka mingi, na alipostaafu alibaki na mwendo wa nyapara, mikono nyuma, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alijua kuchekesha. Watu wazima wengine waliponituma, walinituma. Yeye aliniomba, kisha akanishukuru. Aliniita "nyapara wangu" na kunieleza mambo kana kwamba nina akili. Mtoto wa miaka tisa akizungumzishwa hivyo, mtu anaweza kumpeleka popote. Nilimpenda. Hilo siliondoi kwenye simulizi, ingawa ningetamani.

Siku ya tatu alinikuta nikifyeka karibu na masale. Akasimama, akainamisha kichwa upande, akaitazama safu kutoka njiani mpaka chini.

"Nyapara wangu," alisema, "hii safu gani, kama ng'ombe kakojoa huku anatembea?"

Nilicheka mpaka nikaketi. Alinieleza kwamba kule kwenye katani mstari ukipinda hivyo nyapara hulala njaa. Masale haya, alisema, yamezeeka na kulemea upande, na mwanzo wa vuli ndio wakati wa kuyafanya mapya: unakata vichwa, unavichomeka kwenye udongo wenye unyevu, vinashika. Hayo yote yalikuwa kweli. Nimeuliza wakulima baadaye, wote wameniambia ni kweli. Akaniuliza kama ningependa bibi akirudi akute safu imenyooka. Ningependa kuliko kitu chochote.

Akaleta kamba ya katani, ndefu, mpya, ambayo umande ulikuwa umeilowesha ikatoa ile harufu. Akachonga vijiti viwili. Cha juu alinipa mimi nikishikilie pale kwenye jiwe, mahali pake pale pale. Cha chini alikwenda nacho mwenyewe. Nilimwona akishuka, akipita safu ya zamani, akiingia kwenye magimbi yetu, akayapita yote, akasimama karibu na mgomba wa mwisho, akageuka kunitazama, akafunga jicho moja, kisha akakipigilia kijiti kwa mgongo wa panga. Jambo hilo nimelieleza kwa kila aliyeniuliza na kwa wengi wasioniuliza: kijiti cha juu nilikishika mimi, cha chini alikipigilia yeye.

Fikirini mlango. Bawaba ilibaki njiani, mahali ambapo watu wote hupita na kuona, na ubao ulifunguliwa kule chini ambako hakuna aliyefika isipokuwa mimi, bibi na kenge. Kamba ilikuwa imenyooka. Niliisifu. Nilimuuliza mbona masale yatapita katikati ya magimbi na kuyaacha mengi upande wa pili, akaniambia magimbi hayana macho, hayatajua yako upande gani. Nikacheka tena.

Kila alasiri alinipa ngwe, masale matatu au manne, kama kazi ilivyogawiwa kwenye katani. Nilikata kichwa, nikachimba kwenye kamba, nikachomeka, nikashindilia kwa kisigino. Yeye hakugusa hata sale moja. Alisimama na mikono yake nyuma akisema, "Safi. Safi kabisa. Mashamba makubwa yangekupata yangekuajiri." Usiku nilikula kwake ugali na dagaa, mkewe akinipa ukoko wa sufuria kwa sababu nimefanya kazi. Siku ya sita ya kazi hiyo yote kumi na tisa yalikuwa yamesimama. Mvua ikaja, yakashika yote.

Wiki moja baadaye niliona kitu. Kwenye safu ya zamani, mashina niliyoyakata yalikuwa yamechipua, vichwa vidogo vya kijani, kimoja kimoja, vikiteremka kilima kwa ule mpindo wao. Nilifurahi nikamwita aje aone jinsi masale yasivyokufa. Hakufurahi. Ndiyo mara pekee niliyoona sura yake ikibadilika, kisha ikarudi. Akasema hayo sasa ni magugu tu, niyang'oe yote na mizizi yake, bibi akirudi akute pasafi, na kwa kuwa ardhi imekwisha kunywa, nipande maharage juu yake kama bibi alivyoagiza.

Nilichimba siku mbili. Mizizi ya masale ina rangi ya chungwa lililoiva, na inakwenda mbali. Niliifuata yote, kwa kuwa sikuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Niliichoma pamoja na majani makavu ya migomba, nikaparaza udongo, nikapanda maharage kwa mistari. Kwenye daftari niliandika kwamba mahali pale pamekuwa pazuri na hapajulikani kama palikuwa na kitu.

Bibi alirudi mchana mmoja, amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Sikumwacha hata anywe maji. Nilimshika mkono nikamshusha bustanini. Njiani aliona jiwe na sale la kwanza mahali pake, hakushtuka. Tuliteremka. Hatua zake zikapungua, zikapungua, mpaka tukasimama kwenye magimbi, na safu yangu iliyonyooka ikapita mbele yetu, na magimbi yake mengi yakiwa ng'ambo ya safu hiyo. Nilingoja anisifu. Dudumizi hakuwepo tena. Mnana tu ndio walikuwa wakigombana. Aliinama akashika sale moja, akalitikisa, likakataa kutikisika.

"Nani kakunyooshea kamba?" akauliza.

Sikuulizwa nani kapanda. Aliona mara moja kwamba mtoto hawezi kunyoosha kamba peke yake. Katika watu wazima wote walioingia kwenye jambo hili, ni yeye peke yake aliyeuliza swali lile, na alikuwa hajui kusoma.

Ilipopita siku ya tatu waliitwa wazee wa ukoo, watano, baba akiwa bado safarini. Walikaa kwenye benchi barazani kwa Babu Salehe, wakinywa kahawa ya Babu Salehe, na bibi alikaa kwenye mkeka chini kwa sababu hakuna aliyemwachia nafasi. Bibi alieleza kwamba mpaka umehamishwa. Babu Salehe alieleza kwa upole kwamba yeye hajagusa hata sale moja, na kwamba kama kuna aliyemwona na jembe pale, ajitokeze. Mzee mkubwa kuliko wote, mnene, mwenye kofia ya ukindu, akasema tuteremke tukaone. Tukateremka. Bibi alisema, "Chimbeni hapa, mtakuta mizizi." Wakachimba kidogo kwa jembe. Wakakuta maharage yanachipua na udongo uliochambuliwa vizuri. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilianza kuelewa, kama mtu anavyoanza kusikia baridi, toka miguuni.

"Masale haya kayapanda nani?" akauliza mzee wa kofia.

Nilisema mimi. Walifurahi. Mmoja wao alikuwa amesikia habari za daftari, akaniagiza nikalilete, nikakimbia nikalileta, kwa sababu nilidhani humo ndani mna ukweli na ukweli ukisomwa mambo yatakaa sawasawa. Nikasoma kwa sauti, kama shuleni: "Jumatatu. Nimehamisha masale matatu. Babu Salehe amesema mstari umenyooka. Jioni nimemwona kenge." Wakacheka kwa sababu ya kenge. Nikasoma Jumanne. Nikasoma Jumatano. Kila siku ilikuwa na masale yake, na kila siku ilikuwa na "Babu Salehe amesema".

Mzee wa kofia akainua mkono nikanyamaza. Akasema ushahidi umetoka ndani ya nyumba yenyewe. Masale yamehamishwa na mjukuu wa mjane, kwa jembe la mjane, mjane akiwa amemwachia kazi; basi nyumba ile imejihamishia mpaka yenyewe, na mtu hawezi kujilalamikia.

"Lakini babu ndiye aliyeniambia," nikasema. "Na kijiti cha chini—"

"Mtoto, nyamaza. Umeulizwa nani kapanda. Hujaulizwa nani kasema."

Hapo ndipo penye hasira zangu, wenzangu, si penginepo. Nusu ya maneno yangu ilikuwa ushahidi, na nusu nyingine ilikuwa utoto. Yametoka kinywa kimoja, pumzi moja, ukurasa mmoja. Walikata pale walipotaka, kama mtu anavyokata muwa, wakabeba tamu wakatupa kilele. Mtoto alikuwa mkubwa vya kutosha kumnyang'anya bibi yake kijito, lakini alikuwa mdogo mno kumtaja mtu mzima aliyemtuma.

Bibi alijaribu. Alisema mume wake ndiye aliyemwonyesha mpaka ule, wakiwa wawili tu, alipoolewa. Babu Salehe akatabasamu akamwambia, "Shemeji, kwenu Mazingara mnajua mipaka ya mbuga. Huku kwenye maji tuachieni sisi." Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha heshima kwa mwenye kahawa. Wakaamua kwamba mpaka ni safu iliyopo. Kwa huruma yao, wakampa bibi mpaka mwezi utakapoandama ang'oe alichokipanda upande wa pili. Neno walilotumia ni hilo hilo, huruma.

Jioni ile nilimwambia bibi anichape. Nilikwenda mwenyewe kukata fimbo ya mpera nikamletea. Niliona kwamba nisipochapwa jambo lile halitakuwa na mwisho. Aliipokea fimbo, akaivunja vipande, akavisukuma motoni chini ya sufuria.

"Nikuchape kwa kazi nzuri?" alisema. "Mstari umeunyoosha. Halijafa hata sale moja."

Hakuwa ananikejeli. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa mkulima, na alikuwa amekagua kazi.

Nimeishi na kazi hiyo nzuri miaka mingi. Nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kwa kuandika, na kila ninapomsikia mtu akisema "fulani ndiye aliyefanya", huwa natafuta nani alikwenda kupigilia kijiti cha chini. Nilimtafuta hata mzee mmoja kati ya wale watano, yule aliyeagiza daftari. Nilimkuta amezeeka sana, anaota jua kwa mwanawe mjini Korogwe, nikamwamkia, nikajitambulisha. Alinikumbuka haraka. Nilimuuliza kama siku ile waliamini. Akacheka, meno mawili yamebaki.

"Kuamini nini? Tulijua," alisema. "Sale gani limepita katikati ya magimbi ya mtu? Ila bibi yako hakuwa na mtu. Salehe alikuwa na watu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mwanafunzi jambo rahisi, kisha akaniuliza kama nimeolewa. Nilimjibu kwa adabu. Nilitoka pale nikapita stendi nzima bila kujua nimepita.

Lakini nataka nimalizie na bustani, siku tulizokuwa tunang'oa. Mvua ilikuwa imeshika. Kule chini udongo ulikuwa mweusi na mzito, ukinata kwenye jembe, na kaa wadogo walikimbia kutoka kwenye mashimo yao kila tulipogusa mzizi. Magimbi mengine hayakuwa yamekomaa. Bibi aliyang'oa hivyo hivyo, akayakung'uta, akayalaza kikapuni kama mayai. Mengine alihifadhi vichwa vyake ayapande juu, kwenye ardhi ambayo tulijua sote wawili haina maji ya kuyalea. Kenge alitoka mara moja, akatutazama, akarudi ndani ya majani, na bibi hakumtukana.

Siku ya nne asubuhi Babu Salehe alikuja. Alitembea upande wake, ambao sasa ulikuwa huku tulikokuwa, mikono nyuma, shati limepigwa pasi. Akasimama hatua tatu mbele yangu. Alimwambia bibi pole na kazi, na bibi akaitikia neno moja. Kisha akanigeukia mimi, akatabasamu, akangoja.

Lazima mjue bibi yangu alivyokuwa katika jambo la maamkizi. Aliwahi kunirudisha kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, mwendo wa karibu nusu saa, nikamtafute mama mmoja muuza vitumbua ambaye nilimpita bila kumwamkia kwa kuwa sikumwona. Aliwahi kunisimamisha mbele ya mlevi aliyelala kando ya njia nikamwambia shikamoo, na mlevi hakuitika. Kwake mtoto asiyeamkia alikuwa sawa na nyumba isiyo na paa. Hakuna kosa jingine lililomfanya anyanyue mkono.

Shikamoo ilikuwa mdomoni mwangu. Ilikuja yenyewe, kama inavyokuja. Niliifunga.

"Marahaba," alisema Babu Salehe, kwa ule utani wa watu wazima wanaomwitikia mtoto kabla hajaamkia, ili akumbuke. Nilimtazama miguu. Viatu vyake vilikuwa vinazama kidogo kidogo kwenye tope letu.

"Marahaba, nyapara wangu," akasema tena, na safari hii utani ulikuwa umepungua.

Sikufungua mdomo. Nilijua kofi litatoka upande gani, kwa hiyo nilikaza bega la kushoto. Yeye naye alilijua. Akamtazama bibi, kwa namna ya mtu mzima anayemkumbusha mwenzake kazi yake.

Bibi alikuwa ameinama, jembe limezama chini ya gimbi kubwa, akilitikisa taratibu lisikatike. Alilitoa zima. Akalifuta udongo kwa kiganja, upande mmoja, kisha upande wa pili. Hakuinua kichwa.

"Sogeza kikapu, mwanangu," alisema. "Hapo kitalowa."

Nikakisogeza.